Kwa Talaso, Anayekwenda Kutazama Platini

Chechelesi, Isiolo
Alhamisi, baada ya swala ya Alasiri, 1986

Binti yangu Talaso,

Salaam aleikum. Watu wakianza barua huandika kwamba huku sisi wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Mimi siwezi kuandika hivyo, maana uko nyumba ya tatu kutoka hapa, kwa shangazi yako, na cheko lako nalisikia kupitia mabati. Umekwenda kumuaga. Kesho baada ya Alfajiri lori la mifugo litakuvusha kizuizi cha polisi, uingie upande wa Kenya kama wazee wetu wanavyosema mpaka leo, kana kwamba sisi wa Isiolo hatumo, na kutoka Nairobi ndege ikupeleke Uingereza. Mimi nimekaa barazani na kalamu uliyoisahau. Nimeijaribu kwanza kwenye kiganja nione kama ina wino, kwa sababu kalamu nayo hudanganya.

Naandika Kiswahili. Kiborana nakijua mdomoni tu, na herufi nilifundishwa ukubwani, kwenye darasa la gumbaru, pamoja na wazee wenzangu waliokuwa wakisinzia. Ukiona mahali nimekuwa mkali kuliko kawaida, ni herufi hizo. Sijui kuandika huku natabasamu.

Mambo ya baridi, chakula halali, soksi na dawa, mama yako ameyasema tangu Jumapili na bado hajamaliza. Mimi yangu ni moja tu. Tangu barua ya chuo cha Uingereza ifike, kila mtu ameshasema neno lake juu ya safari hii. Shangazi yako amelia, imamu amekuombea dua, ndugu zangu wameuliza ni tangu lini binti wa Kiborana akavuka bahari kwenda kuchungulia chuma. Ni mimi tu sijasema neno, na neno langu ndilo unalolisubiri. Juzi mama yako alinifuata zizini, akafunga lango nyuma yake nisimponyoke.

"Baba Talaso, mtoto hataenda bila radhi yako. Ameniambia mwenyewe."

"Ametumwa akwambie?"

"Nani amtume? Wewe nawe! Hata radhi ya mtoto wako unaitafutia mtu nyuma yake."

Nikamwambia nitafikiri. Ndivyo ninavyomjibu mnunuzi nikitaka aondoke.

Unanijua. Hapa sokoni wananiita Guyo Shaka na wanadhani silijui hilo jina. Siwalaumu. Dalali wa mifugo asiyeshuku hulala njaa. Mtu akikuletea ng'ombe aliyenona, usiulize amekula nini, uliza amekunywa nini. Wako wanaomlambisha mnyama chumvi, halafu wanamwachia maji kabla ya kumleta sokoni, anafika tumbo limejaa na ngozi inang'aa, na ukimfikisha nyumbani ameshaukojoa unene wote njiani. Wengine husema kuuziwa mbuzi kwenye gunia kama msemo. Mimi jambo hilo lilinipata, ingawa alikuwa kondoo. Tena sisi wa huku tulishuku kabla sijaijua biashara. Katika siku za vita vya shifta, serikali na waasi wa huku kaskazini, kijana wa Kiborana alisimamishwa kila mahali aonyeshe kipande, kile kitambulisho, na aliyekuomba kipande hukujua kama atakurudishia. Aliyekulia katika hali hiyo, mtu akimtabasamia hujiuliza huyu anataka nini.

Basi fikiria barua ile ilivyonijia. Nauli wanalipa wao. Chumba wanalipa wao. Hata koti, wamesema, kuna fungu la koti. Nikauliza, na wao wanachukua nini? Mkono mtupu haulambwi, na huu mkono umejaa mno. Yule mama wa ofisi ya viza alikuchekea sana, wewe ukamwona mkarimu, mimi nikahesabu meno. Halafu hayo madini yenyewe. Ulituambia platini ni ghali kuliko dhahabu. Nikajiuliza, wenye dhahabu hawamwachii hata mkwe wao aishike, sembuse hii, wampe binti wa Chechelesi aitazame siku nzima? Ukaongeza kwamba vipande vyenyewe ni vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Hapo ndipo niliposhuku kabisa. Bidhaa isiyoonekana ni rahisi sana kuiuza.

Kuna jambo hulijui. Mwaka jana nilipotokea Nairobi bila habari, nilikuambia nimeleta mbuzi. Mbuzi walikuwapo, huo ni ukweli. Lakini walikuwa wachache, na lori lingefika salama bila mimi. Nilikuja kukuchunguza. Shangazi yako alikuwa amesema kwamba mnafanya kazi kwenye chumba cha giza, wewe na mwalimu wako mwanamume, na tangu hapo chai haikunishuka.

Nilifika kwenye jengo ulilokuwa umetutajia, nikamkuta askari wa langoni.

"Mzee, unatafuta nani?"

"Binti yangu. Anasoma hapa mambo ya madini."

"Madini? Hapana mzee, umepotea. Hii ni maabara ya magonjwa ya ng'ombe."

Kwanza niliona umetudanganya. Pili niliona umetudanganya ukaenda kwa watu walewale.

Najua unawajua watu walewale. Lakini nataka nikuelezee mimi, kwa sababu hadithi hii katika nyumba yetu husimuliwa na mama yako, na yeye huisimulia ili watu wacheke.

Ulikuwa mdogo bado, meno ya mbele hayajaota yote. Ng'ombe wetu walikuwa wamefungiwa karantini pamoja na wa watu wengine, kwa ajili ya ule ugonjwa wa mapafu. Serikali ilisema hakuna mnyama atakayeteremka kwenda kuuzwa mpaka damu yake ipimwe. Walikuwa wakiwapitisha kwenye ile njia nyembamba ya mbao, wanamchoma kila mmoja sindano ya shingo, wanajaza kichupa, halafu wanampaka rangi kwenye paja kuonyesha ameshatolewa damu. Mimi nilikuwa na dume langu jekundu, Dima. Unamkumbuka. Sikutaka damu ya Dima iende Nairobi. Ndani ya kichupa mtu anaweza kusema ameona lolote, nani atambishia? Kwa hiyo nilimchukua ng'ombe mwingine aliyekwisha kutolewa, nikamzungusha nyuma ya boma la miiba, nikamfuta rangi kwa samli, nikamrudisha kwenye foleni mahali pa Dima.

Samli, Talaso. Paja lake lilimetameta kama paji la bwana harusi. Bado ningefaulu, maana yule daktari kijana alikuwa amechoka na jua limemlemea. Ni wewe uliyesimama juu ya ubao ukasema kwa sauti ya kengele, "Daktari, hii imepita tayari. Aba ameipaka mafuta."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Dima akachomwa sindano. Mimi sikukusemesha mpaka tulipofika nyumbani, na hata pale nilisema na mama yako nikakuacha ukisikiliza.

Majibu yaliporudi yalisema Dima ni mgonjwa. Ilibidi achinjwe. Nikamwambia daktari, mchinje, lakini mbele yangu, na umpasue, nione. Nyinyi wa vitabu mnajua mnachokijua, lakini mapafu ya ugonjwa ule kila Mborana anayajua. Hushikamana na mbavu kama yamegundishwa, na ndani huwa na mabaka ya jiwe. Mapafu ya Dima yalitoka yenyewe, mekundu, laini, safi. Daktari aliinama akayakata vipande kwa mkono wake mwenyewe, akayageuza, akatafuta kwa muda mrefu. Halafu akainuka.

"Mzee, sijui. Damu ilisema kitu moja, mapafu inasema ingine. Kweli sijui."

Mimi nilisikia mtu wa serikali aliyeniulia dume langu na sasa anajifanya mjinga. Niliondoka pale na hasira ambayo ilinikaa miaka. Wewe ulibaki umesimama unayatazama yale mapafu. Njiani uliniuliza, "Aba, sasa kwenye kichupa waliona nini?" Nikakujibu, waliona nyama ya bure. Hukuuliza tena, lakini uliendelea kugeuka kutazama tulikotoka.

Nimekuja kufahamu polepole kwamba siku ile tulisikia neno moja tukarudi na mizigo miwili. Mimi nilirudi na chuki kwa daktari. Wewe ulirudi na swali, na swali hilo ndilo limekupeleka kemia, na kemia imekupeleka kwenye hili sanduku lililo wazi kitandani.

Sasa rudi Nairobi. Nimesimama langoni kwa madaktari wa ng'ombe, nina hakika nimekukamata. Askari akaita mtu. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na kijana mwenye manukato na shati la kubana, na maneno yake nilikuwa nimeyapanga. Akatoka mzee mwenye mvi kuliko mimi, sweta limetoboka kiwiko, mkononi ana kipande cha mandazi. Huyo ndiye mwalimu wako. Akaniambia hadubini ya elektroni ni ghali, chuo chenu hakina yake ya kufaa, madaktari wa mifugo wanayo ya kutazamia virusi, basi huwapa watu wa kemia siku moja moja. Nilimtazama mdomoni nione kama atajikanganya. Alitafuna mandazi tu.

Akanileta kwako, mkaniingiza katika kile chumba cha giza. Nikaiona mashine yenu, mnara wa chuma mrefu kuliko mimi, unanguruma kwa ndani, na chini kuna kidirisha chenye mwanga wa kijani. Uliniambia ndani ya ule mnara mmetoa hewa yote. Nikashika mlango nisiachie. Ukacheka, ukaniketisha, ukaniomba nitazame.

"Unaona nini, Aba?"

"Vumbi."

"Hiyo ni unga wa kushikilia. Sasa angalia yale madoadoa meusi juu yake. Hayo ni platini."

Nikakuuliza yana kazi gani. Ukasema ni kichocheo. Mafuta yanapopita juu yake yanageuka, yanakuwa petroli nzuri, na hata petroli ya lori lililonileta huenda imepitia kwa madoa kama yale. Nikauliza, na platini inakwenda wapi? Ukasema haiendi popote, inabaki ileile, ingoje mafuta mengine. Nikakuambia hakuna kitu duniani kinachofanya kazi kisiliwe. Ukanijibu kwa mambo ya soko.

"Aba, ni dalali. Anawakutanisha muuzaji na mnunuzi. Wao wanaondoka na biashara yao. Dalali anabaki sokoni, anatafuta wengine."

"Dalali huchukua chake," nikasema. "Hakuna dalali wa bure."

"Ndiyo. Na hii inachakaa. Ikipata joto sana chembe zinatembea, zinakutana, zinakuwa donge moja. Donge kubwa ni mvivu. Ama salfa inakuja inaishika, haiachi. Hapo ndipo kuna kazi yangu. Nataka kujua inakufaje."

Nilipenda jibu lile na nikalishuku kwa sababu nililipenda. Wewe unajua sokoni kwetu bei hupatanwa vipi. Mimi na mwenzangu tunashikana mikono chini ya shuka, vidole vinasema, na waliosimama pembeni hawaoni kitu. Maisha yangu yote nimeamini vidole kuliko macho, maana jicho ndilo linalodanganywa kwanza. Na wewe umechagua kazi ambayo ni jicho tupu. Huwezi kuishika ile chembe, huwezi kuipima kwenye kiganja, huwezi kuinusa. Nikaona mwanangu amenunua gunia bila hata kusikia mbuzi akilia.

Ndipo mwalimu wako akaleta ile picha kubwa. Madoa mengi, yamepangika vizuri, yanapendeza hata kwa mtu asiyejua. Akasema kwa fahari kwamba wenzake wote wameisifu. Mimi nikakuuliza, kwa ukali, nakumbuka: "Na nani amekwambia hayo madoa si uchafu?"

Mwalimu wako akatabasamu. Wewe hukutabasamu.

"Sijui, Aba. Hiyo picha mimi siitaki tena."

Ukanieleza taratibu, kama unayemweleza mtu ambaye jibu lake linakuhusu. Kwamba ulikaa unatazama mahali pamoja, ukaona madoa yanaongezeka. Kwamba ule mshale wa elektroni mnaomulikia si kama mwanga wa taa, unachoma, na chumvi ya platini ambayo haikuwa imeiva vizuri ilikuwa inapikwa na kutazama kwako. Ukahamia mahali ambapo hapajawahi kumulikwa, ukapiga picha upesi kwa mwanga mdogo, na madoa yakawa karibu hakuna. Ile picha nzuri haikuwa picha ya kichocheo. Ilikuwa picha ya kile ulichokifanya kwa kukitazama. Na hata hivyo hukuwa na hakika, ukasema, kwa sababu mashine ile haioni ndani zaidi. Ziko mashine huko nje zinazoonyesha atomu zilivyojipanga, mstari kwa mstari, na hapo ndipo mtu angeweza kubishana na jicho lake.

Mwalimu akasema, "Mzee, hii msichana imetuharibia picha yetu nzuri kabisa." Alisema kwa furaha, na mimi nikamshuku, lakini kidogo.

Nataka ujue nilichofikiri njiani nikirudi, mbele ya lori tupu, dereva anaimba. Sikufikiri platini. Nilimfikiri Ekai.

Humkumbuki vizuri. Alikuwa Mturkana, mtu wa kanisa, mchunga ng'ombe mwenzangu kabla sijaingia soko. Tulichunga pamoja upande wa Ngare Mara, tukala chungu kimoja kila mmoja na dini yake. Akija hapa alisema "habari ya nyumba" na mama yako humpa chai bila kuuliza. Msimu mmoja majambazi wakavamia ng'ombe wetu mahali tulipowaficha, mahali ambapo watu wachache sana walipajua. Ekai alikuwa mmoja wa hao wachache. Sikumshtaki. Sikumuuliza hata neno. Nilimshuku tu. Nikaacha kumtumia salamu, na kila alipokuja aliambiwa nimetoka. Baada ya muda akahama na watu wake kuelekea Gotu. Mpaka leo sijui kama alisema neno kwa mtu ama hakusema. Huenda alisema. Kikulacho ki nguoni mwako, hilo silifuti. Lakini sijui, na nilikuwa na miaka ya kujua, na hapa na Gotu si mbali.

Hiyo ndiyo tofauti yetu niliyoiona ndani ya lori, na iliniuma. Mimi nikishuku, naishia hapo. Shaka inanitosha, naifunga kamba naenda nayo nyumbani. Wewe ukishuku, unarudi palepale unatazama tena, kwa mwanga mdogo, mahali pengine, na unakubali kupoteza ile picha inayokupendeza. Nilidhani nimekurithisha tabia yangu. Umeichukua ukaifanya kazi ambayo mimi sikuijua kama inafanyika.

Kwa hiyo sina cha kukufundisha kuhusu kushuku madini. Nina machache kuhusu watu, nayo yamenigharimu. Huko watakusifu. Watakusifu kwa sababu umetoka mbali, kwa sababu unafunika kichwa na bado unajua kemia, kwa sababu wengine wao walidhani sisi hatuna shule. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi hatunywi tembo lakini maziwa nayo hutiwa maji. Usiishushe kazi yako kwa ajili ya mtu aliyeshangaa kukuona. Atakayekuonyesha kosa kwenye picha yako, hata akiwa na kiburi, mkaribie huyo.

Na ukimshuku mtu, nenda ukamuulize. Usifanye nilivyofanya. Unaweza kupata jibu baya. Jibu baya nimeshaliishi kichwani mwangu kwa miaka mingi bila hata kupewa, na nakuambia halipungui.

Nimeandika mpaka hapa na bado nazunguka zizi. Mama yako amepita mara mbili ananitazama. Basi niseme kile kinachonikaa kooni. Nashuku hutarudi. Nimewaona vijana waliokwenda. Barua ya kwanza ni ndefu, ya pili fupi, ya tatu ni picha mbele ya gari la mtu mwingine. Huko wana mashine yako. Hapa tuna vumbi, na karantini, na ndugu zangu wanaouliza maswali. Ningekuwa mimi ndiye wewe, sijui kama ningerudi.

Na nimejishuku mwenyewe, jambo ambalo silifanyi mara nyingi. Nimejiuliza, Guyo, unangoja nini? Barua ya chuo umesomewa, ukaikubali. Mwalimu umemwona, ni mzee wa mandazi. Mashine umeiona. Kazi umeipenda, hata ukawaelezea wenzako sokoni mpaka wakachoka. Sasa neno hili umelifungia nini kinywani?

Jibu nimelipata leo mchana. Nilipita mlangoni mwa chumba chako nikielekea kutawadha. Ulikuwa umeinama juu ya sanduku. Nilidhani unapanga. Ulikuwa unatoa. Ulitoa koti, ukalikunja, ukaliweka kitandani. Ukatoa viatu. Hukuwa unalia, wala hukuwa na hasira, hukugongesha kitu ili nisikie. Ulikuwa unajiandaa kubaki, kwa sababu siku imebaki moja na baba yako hajasema.

Unajua nilihisi nini? Furaha. Ilinijia kabla ya aibu, na ilikuwa kubwa. Nilisimama pale nyuma ya pazia nikafurahi kwamba mwanangu ananitii kiasi hicho. Halafu nikakuona unakipangusa kile kitabu chako cha atomu kwa ncha ya leso na kukirudisha kwenye rafu, nyuma ya vingine, mahali ambapo mtu huweka kitu ambacho hatakihitaji tena. Ndipo aibu ikaja.

Radhi yako nilikuwa nayo tangu Nairobi, tangu uliposema ile picha huitaki. Sikuitoa kwa sababu nilijua bila hiyo hutavuka kizuizi. Kila siku niliyonyamaza ulikuwa bado wa hapa. Nilijiambia nafikiri, nachunguza, nashuku. Sikuwa nachunguza chochote. Nilikuwa nimekushika tu.

Rudisha koti sandukuni. Rudisha kitabu. Mimi Guyo, baba yako, nimekupa radhi yangu yote, mbele ya Mungu, na sikuacha kipande cha kukuvutia nyuma. Ukirudi, nyumba ni yako. Ukichelewa, nitashuku kila ndege na kila mtu wa posta, unanijua, lakini radhi haitapungua hata chembe. Nakupenda, Talaso. Hilo nalo sikulisema vya kutosha, na hata kuliandika kumenitoa jasho.

Barua hii naiweka juu ya sanduku, na mimi natoka sasa hivi kwenda msikitini kabla hujarudi kutoka kwa shangazi yako. Nitakaa huko mpaka umemaliza kuisoma na umefunga sanduku lako. Usije kunitafuta kwanza. Ukinikuta hapa nitakuomba ubaki, na wewe utabaki.

Baba yako,
Guyo